Nani Aliyeifungasha? Tathmini ya Duka la Kompyuta za Linux Jijini Mwanza

Duka ninalolitathmini liko katikati ya jiji la Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makoroboi, juu ya maduka yanayouza mabegi ya shule na vifaa vya simu. Linauza kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, limeziwekea Linux Mint 22 badala ya Windows, na kwa ada ya ziada humwekea mnunuzi programu anazozihitaji katika kazi yake. Nimenunua hapo kompyuta mbili kwa ajili ya steshenari yangu iliyoko Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na nimezitumia muda wa kutosha kuweza kusema kwamba huduma yao inazidi niliyoizoea katika maduka ya aina hiyo, hasa kwa jambo moja ambalo wateja wengi hawalitilii maanani: wanamwambia mteja kila programu imetoka mkononi mwa nani. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa yapo mambo nitakayowalaumu na sikuwaomba ruhusa. Anayelihitaji aulize machinga wa pale chini, wanalijua.

Nianze na kilicho rahisi. Kompyuta zenyewe ni ThinkPad T470 zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 7, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, na kila moja ilinigharimu laki nne na nusu, mbali na elfu thelathini za kuwekewa programu. Unafuu huo una sababu yake. Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi hicho, isipokuwa chache, hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11, hivyo ofisi nyingi za ng'ambo zinaziondoa mashine ambazo kwa Linux bado ni nzima kabisa. T470 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa, na mtu wa Malimbe hahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo umeme unapokatika huku wanafunzi wamepanga foleni na flashi mkononi. Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo nayo ni Linux, na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Kibodi zilikuwa safi, chaja zilikuwa za asili, na risiti ilitolewa bila kuombwa.

Kilichonifanya niandike tathmini hii ni karatasi. Kila kompyuta inayotoka dukani humo ina karatasi ya A4 iliyokunjwa na kuwekwa kati ya kioo na kibodi, ikiwa na safu nne: jina la programu, toleo lake, ilikotoka, na mtu wa kupelekewa malalamiko inapoharibika. Mstari wa OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video, unasema kwamba imetoka Flathub, ghala la programu la mtandaoni, ina alama ya kuthibitishwa, na hitilafu zake ziripotiwe kwa mradi wa OBS wenyewe. Mstari wa Firefox unasema imetoka ghala la Mint, lakini imejengwa na Mozilla kwa makubaliano ambayo pande hizo mbili zilifikia mwaka 2022. Mstari wa kiendeshi cha printa unasema imetoka ghala la Ubuntu, na kwamba kwa shida yoyote mteja aje dukani kwanza. Chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, mtu ameongeza kwa mkono: "Usiweke OBS nyingine juu ya hii."

Onyo hilo lina kisa chake, na kijana anayesimamia kazi ya kusakinisha alinieleza bila haraka. Mtu wa mitambo wa kanisa moja la Igoma, anayerusha ibada mubashara kila Jumapili, aliwahi kuwekewa OBS na fundi mwingine kutoka ghala la distro, yaani la mfumo mmojawapo wa Linux kama Mint au Ubuntu. Alitaka maneno ya nyimbo na mistari ya Biblia vipite chini ya picha, kazi ambayo OBS huifanya kwa kufungua ukurasa wa wavuti ndani ya picha inayorushwa. Alipobonyeza alama ya kujumlisha ili aongeze chanzo hicho, orodha ilifunguka ikiwa na kamera, sauti, picha na maandishi, lakini ukurasa wa wavuti haukuwamo. Alifuata video za mafunzo, ambamo kila mwalimu alikibonyeza kitu ambacho kwake hakikuwapo, hatimaye akaamua kwamba programu ni mbovu na akawaandikia wasanidi wake maneno makali. Kumbe sehemu hiyo ya OBS hutegemea kipande kikubwa cha msimbo kinachotokana na kivinjari cha Chromium, ambacho hakimo katika ghala la Debian, distro ambayo Ubuntu hujengwa juu yake, na kwa sababu hiyo OBS ya Debian hujengwa bila hicho, na Ubuntu huirithi hivyo hivyo. Kilichokosekana kiliachwa njiani na mfungashaji, yaani anayeiandaa programu kwa ajili ya distro, kwa sababu ambazo kwa upande wake zina mantiki, lakini jina lililobaki juu ya dirisha ni la OBS Studio, na lawama ziliwafuata wenye jina.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuitumia Linux, inafaa nieleze njia ambayo programu huipitia hadi kumfikia mtumiaji. Wasanidi wa programu huria huandika msimbo na kuuachia wazi. Kila distro, iwe Debian, Fedora au Ubuntu, ina wafungashaji wake, wengi wao wa kujitolea, ambao huuchukua msimbo huo, huujenga upya ili ulingane na maktaba zilizomo katika mfumo wao, huongeza au hupunguza vitu, kisha huweka matokeo katika ghala ambalo mtumiaji hulifikia kwa kubonyeza mara moja. Njia ya pili, iliyopata nguvu miaka ya karibuni, ni maghala yasiyo ya distro yoyote, mfano wake mkubwa ukiwa Flathub, ambako msanidi anaweza kuweka programu yake mwenyewe ikiwa na kila inachokihitaji, na kupewa alama ya kuthibitishwa. Si kila kilichomo Flathub kina alama hiyo, kwa kuwa baadhi ya programu huwekwa na watu wengine, na Mint 22 inazificha hizo zisizothibitishwa mpaka mtumiaji mwenyewe aamue kuziona.

Ugomvi kati ya njia hizi mbili ulifika hadharani mapema mwaka 2025, tena kwa OBS hiyo hiyo. Fedora ilikuwa na ghala lake la vifurushi vya aina ile ile inayotumika Flathub, na dirisha la kusakinisha programu liliipa nafasi ya kwanza OBS iliyofungashwa na Fedora mbele ya ile ya wasanidi. Toleo la Fedora lilikuwa na kasoro, watumiaji wakadhani ni la mradi wa OBS, na malalamiko yakawarundikia watu ambao hawakulijenga. Wasanidi waliomba liondolewe au liandikwe wazi kwamba si lao. Mazungumzo yalipokwenda mrama, mwezi Februari walidai jina na nembo yao viondolewe, wakagusia hatua za kisheria. Upande wa pili nao haukuwa mikono mitupu, kwa kuwa ulieleza kwamba toleo la OBS lililokuwa Flathub lilisimama juu ya maktaba ambazo muda wake wa kupata marekebisho ya usalama ulikuwa umekwisha. Wasanidi wakajibu kwamba maktaba mpya zilikuwa na kasoro zilizowaharibia watumiaji wao kazi. Pande hizo zilikaa, zikaelewana, dai likafutwa na Fedora ikakiondoa kifurushi chake.

Ninakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mahali hasa penye maumivu. Leseni ya OBS ni GPL, nayo inamruhusu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, kwa hiyo hakuna msanidi anayeweza kusema ameibiwa. Jina ni jambo jingine. Mtu wa Mwaloni Kirumba akinunua dagaa waliokaushwa vizuri Ukerewe, akawachanganya na wengine kisha akawauza kwa jina la mkaushaji yule yule, hakuna aliyemkataza kuuza dagaa, lakini mteja atakayetafuna mchanga atamlaani mtu wa Ukerewe. Hapo ndipo ninaposimama upande wa wasanidi, na ndiyo maana nasema safu ya nne ya karatasi ya duka hili ina thamani kuliko programu zote walizoniwekea.

Ugomvi wa majina haukuanza na OBS. Mwaka 2006 Mozilla iliieleza Debian kwamba haiwezi kulitumia jina la Firefox bila nembo yake rasmi na bila mabadiliko yake kuidhinishwa; Debian, ambayo haikuikubali leseni ya nembo hiyo, ikakiita kivinjari kile kile Iceweasel, na hali ikabaki hivyo hadi mwaka 2016. Watu walicheka sana wakati huo, nami bado naona jina lenyewe ni la kuchekesha, lakini kwa mtumiaji lilikuwa jambo la haki: aliyefungua Iceweasel alijua anashughulika na Debian.

Mfano mchungu zaidi ni wa OpenSSL, maktaba ya kusimba data kwa siri. Mwaka 2006 mfungashaji wa Debian aliondoa mistari michache ya msimbo iliyokuwa ikileta maonyo katika kifaa cha kukagua kumbukumbu, bila kutambua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiingiza ubahatishaji unaohitajika kutengeneza funguo za siri. Kuanzia hapo funguo nyingi zilitengenezwa kwa kutegemea namba ya mchakato peke yake, yaani uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza haraka. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008, na funguo zilizotengenezwa katika mashine za Debian na Ubuntu katika kipindi hicho zililazimika kutupwa. Msanidi anayesema "msiguse kazi yangu" anakikumbuka kisa hiki, na ana haki.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoachana na duka. Kijana wa kusakinisha ana imani moja tu, kwamba kila kitu kitoke kwa msanidi, na kompyuta yangu ya kwanza aliniletea ikiwa imejaa vifurushi vya Flathub kuanzia LibreOffice hadi kikokotoo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa adabu: "Mama, ukichukua ya distro ikakusumbua, tutamlaumu nani?" Nikamwambia, "Mwanangu, bando nalilipa mimi." Kifurushi cha kwanza cha aina hiyo huja na msingi wake, ambao peke yake ni mamia ya MB, na ingawa programu zinazotumia msingi mmoja haziurudii, zangu zilikuwa zimegawanyika katika misingi tofauti, kila mmoja ukidai masasisho yake. Dukani kwake kuna intaneti ya nyaya na yeye halioni hilo. Malimbe ninatumia simu kama modemu, na wiki ya kwanza masasisho yalikula bando niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo.

Bando si hoja yangu pekee. Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana data ambayo ipo karibu katika kila mfumo wa Linux, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, na aliyeupandikiza alikuwa mmoja wa watunzaji wa mradi wenyewe. Waliokuwa hatarini ni watumiaji wa distro zilizokimbilia kuyachukua matoleo mapya ya msanidi, ilhali Debian thabiti, yenye sifa ya kuchelewa, haikuguswa kwa sababu ilikuwa haijayachukua matoleo hayo. Ila wafungashaji nao wasijisifu sana, maana OpenSSH, programu ya kuingia katika kompyuta ya mbali, kwa asili yake haitumii maktaba ya xz; ni marekebisho ya baadhi ya distro, yaliyoiunganisha na systemd, programu inayoendesha huduma za mfumo, ndiyo yaliyofungua njia ambayo mlango huo uliikusudia. Mkasa mmoja, na kila upande una fungu lake.

Nilimweleza haya yote akiwa ameshika bisibisi, akanisikiliza, kisha akaniletea KeePassXC kama ushahidi wake. Mwaka 2024 mfungashaji wa Debian aliamua kwamba kifurushi cha kawaida cha programu hiyo ya kuhifadhi nywila kijengwe bila mtandao na bila kuunganishwa na kivinjari, kwa hoja kwamba msimbo ukipungua, mianya ya kushambuliwa inapungua. Watumiaji wa toleo la majaribio walisasisha na kukuta nywila hazijijazi tena kwenye kurasa, wakawaendea wasanidi, nao wakakasirika kwa sababu zile zile za OBS. Nakubali kwamba hapo mfungashaji alikosea namna, hata kama hoja yake ya usalama ilikuwa na uzito: kulipunguza jina lililozoeleka na kuwataka watu watafute jina jipya ili wapate kile walichokuwa nacho jana ni kumtesa mtumiaji bure. Baadaye Debian ilikuwa na vifurushi viwili ambavyo majina yake yanasema waziwazi kipi ni kamili na kipi kimepunguzwa, na hilo lingefaa kufanywa siku ya kwanza.

Tuliishia kuigawa kompyuta ya pili kwa akili, na mgao huo ndio ninaoupendekeza kwa yeyote mwenye steshenari. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, imetoka ghala la distro, toleo la mfululizo wa 24.2, nalo linafungua ripoti za utafiti za wanafunzi bila kuvuruga kurasa zaidi ya ilivyo kawaida ya mafaili ya Word. Sina haja ya jipya zaidi na sitaki linibadilikie katikati ya msimu wa kuwasilisha tasnifu. Viendeshi vya printa na skana, vichezeshi vya sauti na vifaa vyote vidogo vimetoka huko huko. Inkscape, programu ya kuchora, nimeichukua Flathub, kwa kuwa ghala la Ubuntu 24.04 lina toleo 1.2.2 ilhali 1.4 lilitoka Oktoba 2024, na wabunifu wanaoniletea kadi za harusi na mabango wanatumia mapya. Nilichoka kufungua kazi ya mtu na kukuta maandishi yamehama. OBS ni ya wasanidi, sina mjadala hapo, ingawa mimi siitumii sana isipokuwa msimu wa mahafali. KeePassXC imetoka distro, kwa kuwa mimi hunakili nywila kwa mkono na sihitaji ijaze yenyewe. Masasisho ya Flathub nimeyazima yasijiendeshe, na ninayafanya dukani kwao, ambako wanamruhusu mteja wao kuunganisha mashine bila malipo.

Upande wa huduma baada ya mauzo, WhatsApp yao inajibiwa siku hiyo hiyo, na mara zote na mtu anayekumbuka mashine yako. Mteja mwenzangu wa Ukerewe hutuma kompyuta yake kwa meli na kurudishiwa ikiwa na karatasi iliyoandikwa upya. Dhamana ni ya miezi mitatu kwa vifaa, betri hazimo, na sijaelewa kwa nini hawaliandiki hilo kwenye risiti ilhali wanaandika kila kitu kingine. Ngazi za jengo ni kali kwa mtu mwenye magoti kama yangu, na Jumamosi baada ya saa sita mchana kuna msongamano kiasi kwamba unaweza kuhudumiwa umesimama.

Kasoro kubwa ya karatasi ni kwamba inazeeka. Safu ya toleo ilikuwa sahihi siku niliyochukua mashine, na baada ya masasisho ya mwezi mmoja nusu ya namba zilikuwa zimekwisha badilika. Ukitegemea namba hizo unaporipoti hitilafu utawapotosha wasanidi, na sidhani kama watu ambao wamekwisha lalamikiwa sana kwa makosa yasiyo yao wanahitaji nyongeza hiyo. Nimewashauri waifute safu ya toleo, waache ilikotoka na mtu wa kulalamikiwa, ambavyo havibadiliki ovyo, na mahali pake waandike namna ya kuangalia toleo ndani ya programu yenyewe. Kijana amesema atafanya hivyo akimaliza karatasi alizokwisha chapa. Atakayekwenda kununua sasa aombe programu zake zigawanywe tangu mwanzo, ataje aina ya intaneti aliyonayo nyumbani au kazini, na akatae kuwekewa kikokotoo cha Flathub.